Kumukatalia Papa Mudogo kwa Kingereza

Kashuga, tarehe 13 mwezi wa pili 2022

Kwako Papa mudogo Gasana,

Nakusalimia kutoka huku juu kwenye baridi. Mama anakusalimia, kaka Muhire anakusalimia, na kama ng'ombe wangejua kuandika, Bihogo naye angekuwekea mustari wake. Amezaa juma lililopita, dume mwekundu kama yeye, na maziwa ni mengi. Goti la Mama linaendelea vizuri. Jumapili alienda kanisani na fimbo yake akarudi na fimbo ya muntu mwingine, na hatujajua bado ni ya nani.

Barua hii nampa Mama Uwamwezi anayepeleka fromaji zetu, jibini ya maziwa yetu, Walikale. Ikinuka, ujue ni fromaji, si mimi. Simu ningekupigia, lakini hapa rezo, mutandao, inapatikana juu ya kilima peke yake, na kule juu kila muntu anasikiliza habari za mwenzake.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka chuo cha Uganda kilinikubali katika udaktari wa mifugo kwa sharti moja: nilete cheti cha Kingereza cha kiwango cha nne. Matokeo ya mutihani wa Goma yametoka. Kusoma nimepita. Kusikiliza nimepita. Kuandika nimepita. Kusema nimeanguka.

Mutihani mwingine uko mwezi wa saba. Chuo kitaningoja mpaka mwisho wa mwezi wa nane, kisha nafasi yangu wataipa mwingine. Wewe njo unasimama mahali pa Papa tangu alipotutoka, na wewe njo ulikubali wale ng'ombe wa kuuzwa kwa masomo yangu watengwe. Naomba uwaache bado mahali pao.

Namna nilivyoanguka ni hadithi ndefu. Nitaieleza siku nyingine.

Mutoto wako,
Natacha Umuhoza


Walikale, tarehe 6 mwezi wa tatu 2022

Natacha mutoto wangu,

Barua imefika, na fromaji imefika, moja ikinuka kama nyingine. Musalimie shemeji Mukabaranga, umwambie fimbo ya watu irudishwe kabla mwenyewe hajaanguka. Musalimie Muhire. Huyo dume mwekundu asiuzwe bila mimi kumuona.

Mimi ni muzima. Hapa mvua haiombi ruhusa. Jirani zangu wananicheka kwamba nakunywa maziwa kama mutoto mchanga, nami nawacheka kwamba wanakula viwavi kama ndege. Lakini kati yangu na wewe, viwavi ni vitamu.

Kuhusu kuanguka: hapana, hutanieleza siku nyingine, utanieleza katika barua inayofuata. Tangu utoto wako ulikuwa unasema mpaka mbuzi wanageuka. Muntu wa namna hiyo anaangukaje katika kusema? Kuna kitu umeficha.

Mimi sifichi. Hapa kwenye depo ya dawa ninayoitunza tumepata mukubwa mupya, muntu mwema, lakini Kiswahili hajui na Kifaransa hajui. Kwa hiyo kila mutunzaji wa depo lazima alete cheti cha Kingereza cha kiwango cha pili. Mutihani wetu uko Goma katikati ya mwezi wa sita. Nina miaka hamsini na tatu na jana nilinunua kalamu ya risasi na kifutio pamoja na watoto wa sekondari. Muuzaji aliniuliza ni ya mujukuu gani.

Ni mimi baba yako,
Gasana


Kashuga, tarehe 27 mwezi wa tatu 2022

Papa mudogo,

Salamu nyingi. Mwenye fimbo amepatikana: ni muzee Evode wa komite ya maji. Yeye naye alikuwa ameshika ya Mama, na anasema ya Mama ni bora. Wamebadilishana kabisa. Muhire ana kikohozi kidogo lakini anakula, kwa hiyo hatuogopi.

Umeagiza nieleze, naeleza.

Mutihani wa kusema kwa kiwango cha nne munaingia wawili wawili. Wanawapa shauri, munazungumza, na mwalimu anawasikiliza. Mimi nilipangwa na muzee mmoja wa Rutshuru, Papa Séraphin, agronome, mutaalamu wa kilimo, aliyestaafu, mvi kichwa kizima, koti na tai. Tuliambiwa kuna kijiji kina pesa ya kununua kitu kimoja tu, ao pompi ya maji, ao mashini ya kusaga, ao pikipiki. Tuamue pamoja.

Papa Séraphin akasema, «Pikipiki.»

Mimi moyoni nilikuwa na pompi. Nilikuwa na sababu zote za pompi, kwa Kingereza, zimepangwa vizuri kama sahani. Lakini yeye ni mukubwa kuliko Papa yangu angekuwa leo. Nikasema, «Ndiyo, Papa.»

Akasema pikipiki inabeba wagonjwa. Nikasema, «Ni kweli, Papa.» Akasema pikipiki inaweza pia kubeba maji. Nikasema, «Inaweza.» Mwalimu akanitazama, akaniuliza kama sina wazo langu. Nikamujibu kwamba wazo langu ni kama la Papa. Tulimaliza hivyo. Papa Séraphin akanipa mukono, akasema nimelelewa vizuri sana.

Yeye amepita.

Shida iko hapo, Papa mudogo. Maneno ninayo. Kinachokosekana ni ujasiri wa kumukatalia muntu mukubwa usoni pake. Na mwezi wa saba hakuna anayejua watanipanga na nani.

Natacha


Walikale, tarehe 18 mwezi wa ine 2022

Natacha mutoto wangu,

Nimecheka mpaka mulinzi wa lango akaja kutazama kama niko muzima. Pikipiki inabeba maji. Huyo Séraphin, kama yuko hai, namutakia miaka mingine mingi.

Kwanza habari. Ndege ndogo haikutua kwa juma zima kwa sababu ya ukungu, kwa hiyo tumekosa chumvi na sukari, na watu wamekuwa wakali kidogo. Fromaji yako nimeigawa. Umenipatia heshima kwa watu ambao walinicheka.

Sasa tufanye kazi kwa utaratibu. Mimi ni muntu mukubwa. Zaidi ya hayo, mimi ni kama baba yako. Ukiweza kunikatalia mimi, Séraphin wote wa Kivu nzima hawatakusumbua. Kwa hiyo katika kila barua nitakuletea neno la kupinga. Wewe utanikatalia kwa Kiswahili ndani ya barua, na kwa Kingereza kwenye karatasi ya pembeni. Mimi nitatoa alama juu ya ishirini. Hakuna dhambi ndani yake, mimi njo nimekuagiza. Kunitii ni kunikatalia.

Zoezi la kwanza: Kufuga ng'ombe ni kazi ya wavivu. Ng'ombe anakula mwenyewe, anatembea mwenyewe, anazaa mwenyewe. Mwenye ng'ombe kazi yake ni kushika fimbo na kutazama mawingu.

Kwa upande wangu, nakutumia kazi niliyopewa na kitabu cha kiwango cha pili: andika barua fupi, maneno themanini, kumualika rafiki kwenye arusi. Isahihishe bila huruma.

Baba yako,
Gasana


Kashuga, tarehe 8 mwezi wa tano 2022

Papa mudogo,

Nakusalimia sana. Muhire amepona. Mama ameanza kutumia ile fimbo ya muzee Evode kuwafukuzia kuku wa jirani, anasema ina uzito mzuri.

Naanza na barua yako ya arusi. Nimeisoma mara mbili. Umemusalimia rafiki, mke wake, watoto wake na wazee wake. Umeuliza habari za shamba, za mvua na za mguu wa shangazi yake. Umemushukuru Mungu. Hapo maneno themanini yalikuwa yameisha, na arusi hukuitaja. Rafiki yako atajua kwamba unampenda, lakini hatajua aje wapi.

Nilikuwa nasahihisha mezani wakati Mama alipopita.

«Unamuandikia baba yako na kalamu nyekundu?»

«Yeye njo ameniomba, Mama.»

«Hata kama. Nyekundu ni ya mwalimu kwa mutoto.»

Nikachukua ya kijani. Kwa hiyo ukiona kijani, ujue ni nyekundu yenye adabu.

Sasa zoezi. Unasema kweli, Papa mudogo, kwamba ng'ombe anatembea mwenyewe. Lakini labda, kwa wakati fulani, mufugaji naye anachoka kidogo, hasa wakati wa kuamka kukamua, na wakati wa kutafuta majani kiangazi, na wakati wa kuondoa kupe. Naona, kama utakubali, kwamba si uvivu sana. Nisamehe kama nimesema zaidi.

Natacha


Walikale, tarehe 29 mwezi wa tano 2022

Natacha,

Salamu kwa wote. Mimi ni muzima, depo ni nzima, panya tu njo wamepungua kwa sababu nimepata paka. Paka huyu ni wa hapa, anakula samaki, maziwa hayataki. Hata yeye ananicheka.

Alama zako: sita juu ya ishirini. Umenipiga kwa unyoya wa kuku. Nimewatukana ng'ombe wa baba yako na wa babu yako, na wewe unaniambia «kama utakubali.» Sitakubali. Usiniombe ruhusa ya kunikatalia, ruhusa nilishaitoa. Na usiombe musamaha mwishoni, kwa sababu mwalimu atafikiri umekosa kweli.

Zoezi la pili: Mawese inashinda maziwa. Mawese haichachi, haihitaji kuamka asubuhi, inapika chakula na inapakwa kwenye ngozi. Maziwa ni kitu cha watoto na wagonjwa. Watu wa milimani wanajisifu bure.

Barua ya arusi nimeiandika upya kwa kufuata kijani chako. Rafiki nimemusalimia kwa mustari mmoja tu. Nilisikia aibu kama muntu aliyepita mbele ya nyumba ya watu bila kubisha hodi. Lakini safari hii anajua arusi iko siku gani.

Juma la pili la mwezi wa sita nashuka Goma kwa mutihani wangu. Niombee.

Gasana


Kashuga, tarehe 19 mwezi wa sita 2022

Papa mudogo,

Salamu. Tumekuombea kila jioni, na Mama ameongeza rozari mbili zake mwenyewe. Mutihani ulikwendaje? Tunangoja.

Kuhusu mawese nakukatalia, na siombi ruhusa. Unasema maziwa ni kitu cha watoto. Wewe una miaka hamsini na tatu na kila ukipata mugeni kutoka huku unauliza kwanza kama ameleta maziwa, kisha unauliza kama ndugu zako ni wazima. Mama Uwamwezi ametuambia. Unasema mawese haichachi. Maziwa yakichacha tunayanywa, na yakichacha zaidi tunafanya fromaji, na fromaji hiyo njo imekupatia heshima ya kugawa. Mawese yako ikiharibika unaifanya nini? Na unasema tunajisifu bure. Hatujisifu bure, Papa mudogo. Tunajisifu kwa sababu.

Kuna jambo lingine nilifanya, usikasirike. Komite ya maji ilikutana kuchagua mahali pa bomba jipya. Muzee Evode alisema liwekwe karibu na kanisa. Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikasimama. Nikasema, «Muzee, hapo sikubali. Ng'ombe watapita katikati ya makaburi kila siku wakienda kunywa.»

Muzee Evode akaniuliza, «Wewe ni mutoto wa nani?»

Nikasema jina la Papa.

Akasema, «Naye alikuwa hivyohivyo. Bomba liende chini.»

Kisha akanituma nimletee kiti, kwa sababu kushindwa na mutoto kumemuchosha.

Utuambie matokeo yako.

Natacha


Walikale, tarehe 3 mwezi wa saba 2022

Natacha mutoto wangu,

Nakusalimia, namusalimia shemeji, namusalimia Muhire. Nawasalimia majirani wa juu na wa chini, na muzee Evode, na wote wanaoniuliza. Hapa mvua imepungua. Paka amezaa. Barabara ya Masisi imeharibika kwenye daraja moja, lakini lori zinapita polepole.

Kwa mawese nimekupa kumi na sita. Nimekata ine kwa sababu ya Mama Uwamwezi, maana shahidi huyo hukumuita kwa ruhusa yangu.

Nimefikiri sana siku hizi. Uganda ni mbali. Masomo ya mifugo ni miaka mingi, na huko hatuna muntu wetu hata mmoja. Hapa kwenye depo kuna kazi ya heshima, chini ya paa, na mshahara unaokuja kila mwezi. Mukubwa wangu anatafuta muntu mwenye Kingereza. Kingereza chako kilichopo, hata bila cheti cha kiwango cha nne, kinamtosha kabisa. Nimemutajia jina lako naye amefurahi. Ungekaa kwangu, kuna chumba. Kwa hiyo naona ni vizuri usiende Goma mwezi huu, na wale ng'ombe warudi kwenye kundi, nawe uje Walikale ushike depo mahali pangu. Muntu wa damu yetu akikaa hapo, nitalala vizuri.

Fikiri.

Baba yako,
Gasana


Kashuga, tarehe 10 mwezi wa saba 2022

Papa mudogo,

Nakusalimia kwa upendo. Hongera kwa paka. Mama ni muzima.

Nimepokea zoezi la tatu. Ni gumu kuliko yale mengine, naona umeliweka mwisho makusudi kwa sababu mutihani ni juma lijalo. Umesahau tu kuliandikia namba. Hapa chini ndilo jibu langu, na karatasi ya Kingereza iko ndani.

Nakukatalia, Papa mudogo.

Unasema Uganda ni mbali. Walikale nayo ilikuwa mbali siku ulipoondoka hapa na kijisanduku kimoja, na babu akasema msitu unameza watu. Haukukumeza. Umekaa huko miaka, umewatibu watu kwa dawa ulizozihesabu na kuzipanga, na kila mugonjwa wa huko aliyepona kuna kidole chako ndani. Kama ungemusikiliza babu, nani angeshika ile depo?

Unasema hatuna muntu wetu huko. Nitakuwa muntu wetu wa kwanza. Lazima mmoja atangulie.

Unasema kazi ya depo ni ya heshima. Ni kweli, na ni ya heshima kwa sababu anayeifanya anaipenda. Wewe unapenda boksi zikae mustari mmoja, majina yakitazama mbele. Mimi ukiniweka humo nitakuwa natazama dirishani kama kuna ng'ombe anayepita. Mwaka ule ugonjwa wa miguu ulipopita hapa, Muhire alikaa na ndama mikononi mpaka huyo ndama akafa, na daktari wa mifugo wa karibu alikuwa safari ya siku mbili. Mimi nilikuwepo. Siku hiyo njo nilichagua, na sijabadilika.

Na neno la mwisho. Unasema nishike depo mahali pako. Lakini kiti hicho kina muntu. Muntu hagawi kiti chake kama hakuna anayemusukuma. Matokeo yako tumeuliza mara mbili na hukujibu. Kama wanakusukuma, dawa yake si mimi nikalie. Dawa yake ni wewe ubaki.

Kwa hiyo nitaenda Goma tarehe 16, na ng'ombe wakae walipo.

Nimekataa vizuri? Nipe alama.

Mutoto wako,
Natacha


Kashuga, tarehe 7 mwezi wa nane 2022

Papa mudogo,

Nakusalimia tena, ingawa barua yangu ya mwisho haijapata jibu. Mama Uwamwezi anasema alikupa mukononi mwako, na kwamba uliiweka mufukoni ukamuuliza bei ya fromaji, ukasahau kuinunua. Mama anadhani uko mugonjwa. Muhire anadhani uko na kazi nyingi. Mimi sijasema ninachodhani.

Nimepita. Kiwango cha nne, sehemu zote.

Safari hii nilipangwa na mama mmoja muuguzi, Mama Libérata, mukubwa kama Mama yangu, sauti ya kuamuru wodi nzima. Shauri lilikuwa: shule ipate maktaba ao uwanja wa michezo. Alisema uwanja. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba sikubali. Akanitazama juu ya miwani. Nikaendelea. Akanikatalia naye, nami nikamukatalia tena, mpaka mwalimu akasahau kutusimamisha. Tulipotoka nje nilifikiri atanigombeza. Akaniuliza kama nina kaka ambaye hajaoa.

Chuo kinafungua milango mwezi wa tisa, lakini jina langu lazima lithibitishwe kabla mwezi huu haujaisha. Cheti ninacho. Bado neno moja tu, la kwako. Muhire hawezi kuwashusha wale ng'ombe sokoni bila wewe kusema, na mimi sitamuomba afanye hivyo nyuma yako.

Naungoja mukono wako.

Natacha


Walikale, tarehe 14 mwezi wa nane 2022

Natacha mutoto wangu,

Musalimie shemeji, umwambie siumwi. Musalimie Muhire.

Nilianguka.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulinieleza ya kwako. Kuandika nilipita, kijani chako kiliniokoa. Kusikiliza, nusu nusu. Nikaingia kwa kusema. Mwalimu alikuwa kijana mupole. Nilimusalimia kwa neno moja tu, kama ulivyonifundisha, na nilijisikia mushenzi lakini nikavumilia. Akanionyesha picha ya malisho, ng'ombe wazuri, wanono, na mufugaji amesimama kando yao. Akaniuliza kwa Kingereza, «Mufugaji huyu ana ng'ombe wangapi?»

Natacha, swali nililielewa. Namba zote nazijua mpaka elfu. Lakini mimi, mutoto wa baba yangu, ninyooshe kidole nihesabu ng'ombe wa muntu mbele yake mwenyewe, niwaletee jicho baya? Nikamujibu, «Wametosha, na Mungu awaongeze.» Akarudia swali polepole, akifikiri sikusikia. Nikarudia jibu polepole, nikifikiri naye hakusikia. Tuliendelea hivyo. Aliandika kwenye karatasi yake na kufunga kitabu.

Mukubwa wangu hajanifukuza. Amenipa mpaka mutihani wa mwezi wa kumi na mbili. Lakini niliogopa. Nilifikiri, kama kazi inaniponyoka, ibaki mukononi mwa muntu wetu. Na nyumba yangu ni kimya. Hayo mawili njo yaliandika barua ile.

Kwa hiyo ujue: ile ya mwezi wa saba haikuwa zoezi. Niliisema kwa moyo wangu wote. Na jibu lako liliponifikia nilikasirika siku ile na siku iliyofuata. Kisha nikaisoma tena ile sehemu ya kiti, na hasira haikupata pa kukaa.

Alama zako ni ishirini juu ya ishirini.

Muhire awashushe ng'ombe sokoni Jumatano. Nimemutumia neno langu kupitia dereva wa lori, na karatasi hii ni neno langu la pili. Thibitisha jina lako. Mimi mwenyewe nitakuja kukusindikiza mpaka mupakani, hilo halina mabishano.

Baba yako,
Gasana


Kashuga, tarehe 24 mwezi wa nane 2022

Papa mudogo wangu,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Mama amelia kidogo, kisha amepika. Muhire amerudi kutoka sokoni akiwa amenunua kofia. Jina langu limethibitishwa jana kwenye simu, nikiwa juu ya kilima, na watu wote waliokuwa kule wamepiga makofi, hata wale waliokuwa wanazungumza habari zao.

Nilijua haikuwa zoezi.

Nilijua tangu mustari wa kwanza, kwa sababu ulisalimia watu wengi mno, hata majirani wa chini ambao huwapendi. Nilikaa na barua ile siku mbili. Kukuambia hapana, wewe ambaye ulinilea, sikuweza. Lakini kulikuwa na mulango mmoja ambao wewe mwenyewe uliufungua mwezi wa ine, uliposema kukutii ni kukukatalia. Nikapita hapo. Kama ungefunga ule mulango, leo ningekuwa Walikale nikipanga boksi, na nisingekuchukia. Ningekaa tu kimya.

Kuhusu picha ya ng'ombe, mimi nami nisingehesabu. Lakini nimefikiri. Wale si ng'ombe, Papa mudogo, ni karatasi na rangi. Hawazai, hawafi, na jicho baya haliwapati. Chora ng'ombe ukutani kwako kwa makaa, uwahesabu kila asubuhi kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Wa kweli tutaendelea kusema wametosha.

Sasa kuhusu kunisindikiza mupakani. Daraja bado bovu, safari ni siku nyingi kwenda na kurudi, na mutihani wako ni mwezi wa kumi na mbili. Siku hizo njo za kusoma. Mama na Muhire wananifikisha. Kila mwezi nitakuletea barua kutoka huko, na ndani yake kutakuwa na maswali ya kiwango cha pili, nawe utajibu, na kalamu yangu itakuwa ya kijani.

Kwa hiyo hapana, Papa mudogo. Usije. Kaa kwenye kiti chako.

Anayekukatalia kwa heshima yote,
Natacha